Sainasi Ikikubana: Namna ya Kujibonyeza Uso Nyumbani Upate Nafuu

Kuanzia Juni hadi Septemba, mvua zikishakatika na upepo wa ziwani ukianza kuuma alfajiri, mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, huwa na vumbi la aina yake. Dagaa wakavu wakimwagwa chini ili wapakiwe upya, kila beleshi likiinuka hupanda unga mwembamba wa magamba na mchanga. Unaingia puani, unakaa. Nimeuza dagaa pale miaka 11, na kila kiangazi ilikuwa yale yale: wiki ya kwanza mafua, wiki ya pili shavu la kushoto zito kama limetiwa risasi, meno ya juu yanauma yote kwa mpigo, na nikiinama kushona mdomo wa gunia naona paji la uso linataka kupasuka.

Aliyenifundisha kujibonyeza ni mtaalamu wa fiziotherapia niliyemwendea kwa ajili ya mgongo. Aliniona ninavyojishika shavu, akauacha mgongo kwanza, akaniambia niweke viwiko mezani. Baada ya dakika kama kumi, tundu la kushoto lililoziba tangu usiku lilifunguka nusu, na maumivu yakashuka kiasi cha kuniwezesha kuongea bila kukunja uso. Nusu tu, lakini mtu aliyebanwa na sainasi anajua thamani ya hiyo nusu.

Niseme mapema jambo moja ili tusidanganyane. Kubonyeza hakuui kijidudu wala hakutoi usaha. Kunapunguza maumivu kwa saa moja, mbili, pengine zaidi, ukapata kula na kulala wakati mwili wako unapambana. Sainasi nyingi zinazofuata mafua huletwa na virusi, nazo hupungua zenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Hizo siku ndizo tunazotafutia nafuu hapa.

Kwanza ujue kama ni sainasi kweli

Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, ndizo sainasi zenyewe, jozi nne: kwenye mashavu, juu ya nyusi, katikati ya macho, na vingine nyuma kabisa ya pua. Kila chumba kina kitobo kidogo cha kutolea ute kuelekea puani. Ukipata mafua au ukivuta vumbi na moshi, ngozi laini ya ndani inavimba, kitobo kinaziba, ute unabaki ndani na kukandamiza. Chumba cha shavu kina shida yake peke yake: kitobo chake kiko juu karibu na usawa wa jicho, si chini, kwa hiyo ute hauwezi kumwagika wenyewe ukiwa umesimama. Na sakafu ya chumba hicho imekaa juu ya mizizi ya magego ya juu, ndiyo maana watu wengi hukimbilia kung'oa jino zima lisilo na kosa.

Sainasi huja na pua iliyoziba, makamasi mazito, uzito wa uso unaoongezeka ukiinama, na harufu ya chakula kupotea. Ukikosa hivyo vya puani ukabaki na kichwa tu, jiulize tena. Kichwa kinachogonga upande mmoja, kikafuatana na kichefuchefu na kuchukia mwanga, hicho mara nyingi ni kipandauso, na watu wengi wanaojiita wagonjwa wa sainasi kumbe wana hicho. Tiba yake ni nyingine.

Halafu tuko Kanda ya Ziwa. Kichwa kikiambatana na homa, baridi na viungo kuuma, usianze kubonyeza chochote. Nenda zahanati ukatolewe tone la damu kwenye kidole, upimwe malaria kwa kile kipimo cha haraka. Majibu yanatoka ndani ya dakika 15 hadi 20 hivi. Nimeona watu wakijikanda paji la uso siku tatu huku malaria inapanda. Na kama una umri mkubwa na hujawahi kupima presha, siku hiyo hiyo ipimwe.

Mtoto mdogo anayetoa makamasi yenye harufu mbaya tundu moja tu, mwangalie kwanza kama hakujitia shanga au punje ya maharage puani. Usijaribu kuitoa mwenyewe kwa kijiti. Mpeleke kwa daktari.

Kwa nini kidole kinatuliza

Njia hii inatoka kwenye tiba ya jadi ya Kichina. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu kinachoonyesha mahali hasa pa sehemu 361 za mwili zinazotumika katika tiba hiyo, na tunazozihitaji kwa uso ni chache mno. Wachina husema nguvu ya mwili hupita kwenye njia zake. Maelezo yanayoniingia mimi ni ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango: ujumbe wa kuguswa ukipita kwa wingi, ujumbe wa maumivu unabanwa. Ndiyo maana ukijigonga kiwiko mlangoni mkono wa pili unakimbilia kukisugua kabla hujafikiri. Na sehemu hizi za uso zimekaa karibu kabisa na pale matawi ya mshipa wa fahamu wa uso yanapochomoza kutoka kwenye mfupa.

Maandalizi

Nawa mikono kwa sabuni, tena vizuri. Kama umetoka kukata pilipili au kupaki dagaa, nawa mara mbili, kwa sababu vidole vitakuwa sentimita moja kutoka jichoni. Kata kucha za gumba na shahada. Vua miwani.

Penga taratibu, tundu moja moja, ukiwa umeziba lingine. Kupenga kwa nguvu matundu yote mawili kunasukuma makamasi kurudi ndani na hata kuelekea masikioni.

Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kikamue, kipime kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono, kisha kilaze juu ya pua na mashavu dakika tatu. Kitambaa hiki ni nusu ya dawa, usikiruke.

Kaa kwenye kiti mbele ya meza. Huna meza, kaa kitandani uweke viwiko magotini.

Jinsi ya kuegemea

Hapa ndipo wengi wanapokosea, nami nilikosea muda mrefu. Mama mdogo wangu anakaa Nansio, Ukerewe, na jikoni kwake kuna kibanda cha kukaushia samaki kwa moshi. Macho na pua yake havijui likizo. Nilipokwenda kumwona nikamkuta kajifunga kanga kichwani, akijisugua juu ya nyusi kwa kifundo cha kidole mpaka ngozi imebadilika rangi. Nikamshika mimi. Baada ya muda akaniambia, "Mwanangu, mbona hunibani?"

"Mama mdogo, hatubani. Tunaegemea."

Nikamgeuzia kiti, nikamwekea viwiko mezani, magumba yakae chini ya nyusi, nikamwambia akiache kichwa kishuke chenyewe kama mtu anayesinzia kanisani. Uzito wa kichwa ndio unaobonyeza. Mkono unakuwa nguzo tu. Akanyamaza. Pumzi ya tano au ya sita nikaona mabega yanashuka.

Basi kanuni ni hiyo kwa kila sehemu. Weka ncha ya kidole, zungusha kidogo mpaka uguse kishimo kinachouma kwa utamu, yaani maumivu ambayo hutaki yaongezeke ila hutaki pia kidole kitoke. Tulia hapo. Usisugue. Vuta pumzi polepole, toa polepole, mara kumi. Ni kama dakika moja. Kisha achia taratibu, usichomoe ghafla. Maumivu yakiwa makali ya kuchoma, umebonyeza sana au umekosea mahali.

Sehemu ya kwanza: mkononi

Tunaanza mbali na uso, kwenye nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada. Wachina wanapaita Hegu. Bana gumba na shahada pamoja, utaona nyama inatuna. Kilele cha ule mtuno ndipo penyewe. Legeza mkono, kisha kwa gumba la mkono wa pili bonyeza hapo ukielekea mfupa wa shahada. Pumzi kumi, kisha mkono wa pili.

Mama mjamzito asipaguse hapa. Katika tiba hiyo ya Kichina sehemu hii hukatazwa kwa wajawazito kwa hofu ya kuamsha uchungu. Aanzie puani moja kwa moja.

Sehemu ya pili: kando ya pua

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Jina lake ni Yingxiang, maana yake kukaribisha harufu nzuri, na mtu aliyepoteza harufu ya chai ya tangawizi wiki nzima ataelewa kwa nini waliiita hivyo. Tabasamu kidogo: utaona mfereji unaotoka puani kushuka kwenye pembe ya mdomo. Weka shahada mbili ndani ya mfereji huo, usawa wa pale tundu za pua zilipotanuka zaidi. Bonyeza kuelekea ndani na juu kidogo, bila kuziba pua. Pumua kwa pua kama inapitisha. Haipitishi, pumua kwa mdomo.

Hapa naongeza pumzi, badala ya kumi nafanya kumi na tano. Mara nyingi ndipo unaposikia kitu kinashuka kooni. Kiteme, usikimeze kwa aibu.

Sehemu ya tatu: chini ya mfupa wa shavu

Tazama mbele. Kutoka katikati ya jicho, shuka wima kwa kidole mpaka usawa wa ukingo wa chini wa pua. Hapo mfupa wa shavu unaishia na kidole kinazama kidogo. Weka shahada na kidole cha kati pamoja, kisha elekeza nguvu juu, chini ya mfupa, kana kwamba unataka kuunyanyua. Meno ya juu yakiwa yanauma kwa sababu ya sainasi, hapa ndipo utakapopata ahueni kubwa.

Ikiwa shavu limevimba kwa nje, au fizi ina usaha, acha. Hilo ni la daktari wa meno.

Sehemu ya nne: mwanzo wa nyusi

Weka viwiko mezani. Magumba yaguse mwanzo wa nyusi, upande wa pua, chini kidogo ya ukingo wa mfupa. Pitisha gumba taratibu utagusa kajipengo kadogo kwenye mfupa. Wengine wanalo waziwazi, wengine inabidi utafute. Inamisha kichwa, uegemee. Nguvu yote iende juu, kwenye mfupa wa paji la uso. Isiende nyuma, kwenye mboni ya jicho, hata kidogo.

Ukimaliza, weka kidole cha kati katikati ya nyusi mbili, ubonyeze kwa wepesi pumzi kumi. Hapa hapahitaji nguvu.

Watoto wadogo sehemu hii waachie. Vyumba vya juu ya nyusi hukua polepole na huanza kuonekana vizuri kwenye picha ya eksirei mtoto akiwa na miaka 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo mtoto wa miaka mitatu anayelia paji la uso ana jambo jingine.

Sehemu ya tano: kisogoni

Chini ya fuvu, nywele zinapoanzia, kuna vishimo viwili, kimoja kila upande wa misuli minene ya shingo. Shika kichwa kwa vidole vyote kama unavyoshika boga, magumba yaingie kwenye vishimo, kichwa kiegemee nyuma. Mtu aliyekunja uso siku nzima kwa maumivu shingo yake huwa ngumu kama mbao. Akilegea hapa, na kichwa kinalegea. Shingoni mbele na pembeni, pale unaposikia mapigo ya moyo, pasibonyezwe kamwe.

Mzunguko wote huo hauzidi dakika 10. Nafanya asubuhi, mchana nikipata mahali pa kukaa, na usiku kabla ya kulala.

Vuma kidogo

Ukishamaliza, funga mdomo, toa pumzi kwa pua huku ukivuma "mmmm" kama wanakwaya wanaotafuta sauti kabla ya ibada. Si mzaha. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walipima hewa inayotoka puani mtu anapovuma wakakuta gesi ya nitriki oksaidi, ambayo hutengenezwa ndani ya vyumba hivi vya uso, imeongezeka mara 15 kuliko mtu anapotoa pumzi kimya. Maana yake mtikisiko wa sauti unabadilisha hewa ya humo ndani. Haikuthibitisha kwamba kuvuma kunaponya, lakini hakuna gharama, nami nasikia mashavu yakitetema na kufunguka. Mivumo mitano inatosha.

Osha pua, ila si kwa maji ya ziwa

Pua ikishafunguka ndiyo wakati wa kuiosha. Kikombe kimoja cha maji, mililita 250 hivi, na nusu kijiko cha chai cha chumvi safi. Magadi ya kupikia maharage usitie, ni makali. Inama juu ya beseni, geuza kichwa upande, mimina taratibu tundu la juu kwa chupa laini au birika dogo lenye mdomo mwembamba, huku mdomo wako uko wazi. Maji yatatokea tundu la chini. Kisha upande wa pili.

Maji lazima yawe yamechemshwa yakapoa yenyewe. Nasisitiza kwa sababu huku kwetu maji ya ziwa yako mlangoni, na mtu anaona si kitu, mbona anaoga humo. Katika maji yasiyo ya chumvi yenye joto duniani huishi amiba, kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho, aitwaye Naegleria fowleri. Ukimnywa hakudhuru, akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini anayempata mara nyingi haponi. Yaache maji yachemke kwa kutokota dakika moja nzima. Kwa mwinuko wa Mwanza, mita 1,140 hivi juu ya bahari, hiyo inatosha. Maji ya bomba nayo ni hivyo hivyo, ya kisima pia.

Niliyoyaacha

Dawa ya kupulizia ya kufungua pua. Nilinunua duka moja la dawa mtaani, hakuna aliyenieleza kitu, nikapuliza wiki tano. Ikafika mahali pua haifunguki bila dawa, na ikifunguka ni saa mbili tu. Dawa za namna hiyo zikizidi siku tatu hadi tano pua huzizoea na kuziba zaidi. Kuacha kulinigharimu usiku saba wa kulala kwa kukaa. Ile ya steroidi anayoandika daktari ni tofauti, yenyewe hutumika muda mrefu kwa maelekezo.

Amoksilini ya kununua vidonge vinne vinne. Kwa sainasi ya virusi haifanyi kitu, na dozi nusu inafundisha bakteria kuizoea.

Nyungu. Najua tulivyofukizana mwaka 2020, na mvuke mwepesi wa kikombe cha chai hauna ubaya. Hata mimi huinamia chai yangu. Lakini sufuria inayotokota chini ya blanketi, watoto wakiwa karibu, imeunguza wengi. Kitambaa cha moto kinatosha. Maumivu yakizidi, parasetamoli kwa kipimo chake, mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500.

Usiongeze moshi juu ya moshi. Jiko la mkaa litoke nje. Mwaloni sasa nafunga barakoa kabla beleshi halijainuliwa, na nasimama upande unaotoka upepo.

Usiku lalia mito miwili, upande uliozibika uwe juu, kwani tundu linalokuwa chini ndilo linalozidi kuziba.

Wasiobonyeza, na lini uende hospitali

Mwenye jipu, kidonda au chunusi iliyoiva kati ya pua na mdomo asibonyeze wala asiikamue, kwa kuwa mishipa ya damu ya eneo hilo huwasiliana na ya ndani ya fuvu. Aliyefanyiwa upasuaji wa uso au kuvunjika pua karibuni angoje ruhusa ya daktari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aguse kwa wepesi tu.

Nenda hospitali ikiwa siku 10 zimepita bila nafuu. Au ulianza kupona kisha ukarudi chini zaidi. Au una homa ya nyuzi 39 na usaha puani siku tatu au nne mfululizo. Ikizidi wiki 12, waombe wakupeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo, hospitali ya Bugando hapa Mwanza wapo.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kesho: kuvimba au kuwa jekundu kuzunguka jicho, kuona vitu viwili viwili, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, degedege, au kichwa kikali kuliko ulivyowahi kukipata. Hapo hata kama ni saa nane usiku, tafuta usafiri.

Kama ni sainasi ya kawaida, chemsha maji ya kesho usiku huu, yafunike vizuri yapoe, uweke na kikombe na kijiko cha chumvi pembeni. Alfajiri kichwa kikiwa kizito hutakuwa na nguvu ya kuwasha jiko.